Muhali: Neno la Mambo Yasiyowezekana



Mwezi huu sitaanza na homa wala chanjo. Nitaanza na neno moja la Kiswahili, na kabla hatujaagana mtaona kwa nini muuguzi ameacha dawa akashika maneno.

Jioni moja binti yangu, aliye kidato cha pili, alikuwa akifanya kazi ya shule mezani. Mwalimu wao aliwapa maneno kumi watafute maana na asili yake. Akaniuliza, "Mama, muhali ni nini?" Nilikuwa nachambua mchicha, nikamjibu upesi, "Ni jambo lisilowezekana." Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa amekuja kututembelea. Akainua kichwa, akasema, "Siyo hivyo, mjukuu wangu. Muhali ni pale unapomwonea mtu haya ukashindwa kumwambia la kumwambia."

Mtoto akatutazama sote wawili. "Sasa niandike lipi?"

Aliandika yote mawili, na mwalimu akampa alama zake. Yeye akafunga daftari akasahau. Mimi sikusahau. Swali lile lilinigusa mahali penye kidonda cha zamani, nami nimeona nisikifunike tena. Lakini kwanza tulitazame neno lenyewe.

ASILI YA NENO

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimwendea mzee mmoja wa usharika wetu ambaye ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu wake.

Alinieleza kwamba muhali limetoka Kiarabu, kama yalivyo maneno yetu mengi ya pwani. Kwa Kiarabu maneno mengi hujengwa juu ya herufi tatu za mzizi. Mzizi wa neno hili una maana ya kugeuka au kubadilika. Katika mzizi huohuo tumepata neno hali, kwa kuwa hali ya mtu hubadilika: leo mzima, kesho mgonjwa. Tumepata hila, yaani akili ya kuligeuza jambo. Tumepata hawala, fedha inapohamishwa kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Na tumepata muhali, yaani jambo lililogeuzwa likatoka katika njia yake hata akili ikalikataa. Kwa hiyo hali ni jambo lilivyo, na muhali ni jambo lisivyoweza kuwa.

Nikamwuliza kama mahali nalo ni ndugu yao, maana kwa masikio yanafanana sana. Akacheka, akasema hapana. Mahali lina mzizi mwingine, wenye maana ya kushuka na kutua, kama msafiri atuavyo mzigo wake.

Tunayo maneno mengine ya mambo yasiyowezekana. Mtu akifanya kazi isiyo na matokeo, tunasema anatwanga maji kwenye kinu. Akijijengea matumaini makubwa yasiyo na msingi, tunasema anaota ndoto za Alinacha. Huyo Alinacha anatoka katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Alirithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo, akavitia katika kikapu, akaketi kuviuza. Akaanza kuwaza jinsi atakavyouza kwa faida, anunue tena na tena, awe tajiri, amwoe binti wa waziri. Katika mawazo yake alimwona bibi arusi amepiga magoti kumbembeleza, naye kwa majivuno akamsukuma kwa teke. Teke lile likatua kwenye kikapu, vyombo vyote vikavunjika.

Sisi tukisimulia hadithi hii huwacheka watu wenye tamaa. Lakini nawaomba mtazame tena ndoto ya yule bwana. Hata kabla hajapata mke, alikwisha mpiga teke.

NENO LILIVYOHAMA

Basi, ikiwa muhali ni jambo lisilowezekana, mama mkwe wangu alipata wapi maana yake? Hakukosea hata kidogo. Kwa watu wa pwani, hiyo ndiyo maana ya kila siku. Husema, "Niliona muhali kumkatalia." Au, "Tusioneane muhali, sema bei yako." Hapo hakuna jambo lisilowezekana. Kukataa kunawezekana, ni neno moja tu la kinywa. Ila moyo umeshindwa.

Nadhani ufunguo uko katika kitenzi kuona. Kwa Kiswahili tunaona mengi yasiyo mbele ya macho: tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona haya, tunaona aibu. Kila mara kitu hicho kimo ndani yetu. Muhali ulipounganishwa na kuona, ulitoka nje ukaingia ndani. Zamani jambo lenyewe ndilo lililokuwa haliwezekani. Sasa mimi ndiye ninayeona haliwezekani, kwa sababu ya uso wa mtu fulani.

Tofauti hiyo ni kubwa, akina mama. Jambo lisilowezekana kwa kweli halina lawama. Hakuna anayenilaumu kwa kuwa jua halikuchomoza magharibi. Lakini ninapoona muhali, jambo linawezekana, nami nimeliita lisilowezekana ili nipumzike.

NENO HILI KATIKA BIBLIA

Katika Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kiyunani, neno la jambo lisilowezekana limejengwa na vipande viwili: kipande cha kukanusha, na neno dunamis, yaani uwezo au nguvu. Alfred Nobel alichukua jina kutoka neno hilohilo la nguvu alipoibatiza baruti yake dinamiti, mwaka 1867.

Neno hilo la kukosa uwezo limo katika maneno ya malaika kwa Mariamu, Luka 1:37. Limo pia katika jibu la Yesu kuhusu tajiri na ngamia na tundu la sindano, Luka 18:27. Na waliotafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani walilitumia katika Mwanzo 18:14, pale Sara aliposikia habari ya mtoto uzeeni akacheka moyoni mwake. Mabibi wawili, mmoja mzee na mmoja msichana, na neno ni moja: kwa Mungu muhali haupo.

Tukifika hapo husema amina kwa sauti kubwa. Tunaamini Mungu anaweza kumpa mtoto bikizee wa miaka tisini. Lakini kumwuliza jirani, "Nani amekuumiza?" hilo tunaona muhali. Mimi ni wa kwanza wa kusema hivyo, na habari yenyewe ni hii.

MUHALI WANGU

Ni miaka kama kumi na minane sasa. Nilikuwa muuguzi mgeni katika hospitali moja ya mkoani. Asubuhi moja akaja mwanamke kijana, nitamwita Neema ingawa si jina lake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Alisema ameanguka bafuni. Au tuseme, mumewe ndiye aliyesema. Kila nilipomwuliza Neema, mumewe alijibu.

Mume huyo nilimfahamu. Tuliimba naye kwaya moja. Siku ya arusi yangu ni yeye aliyebeba mabenchi tangu alfajiri.

Picha ilipotoka nilijua. Mtu anayeanguka hutanguliza kiganja, na mara nyingi kinachovunjika ni kifundo cha mkono. Mfupa wa Neema ulivunjika katikati, kati ya kiwiko na kifundo, upande wa kidole kidogo. Chuoni tulifundishwa kwamba mfupa ukivunjika pale, umfikirie mtu aliyeinua mkono kuukinga uso wake.

Nilishika kalamu. Nikamtazama yule ndugu wa kwaya. Nikaandika kwenye faili, "Ameanguka."

Miezi michache baadaye alikuja tena, jicho limefumba. Safari hiyo ilikuwa mlango. Nikaandika, "Amejigonga mlangoni." Nilijiambia kwamba mambo ya ndoa ni ya wawili, kwamba mimi ni mdogo kwa umri kuliko yule bwana, kwamba nikiuliza nitaaibisha kwaya nzima.

Mara ya tatu aliletwa kwa baiskeli, anatokwa na damu, ana mimba ya miezi mitano. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Siku ya pili, nilipokuwa nambadilishia dripu, akanong'ona bila kunitazama, "Dada, mara ile ya kwanza nilikaa nikikungoja uniulize."

Sikuwa na la kumjibu, na sina hata leo. Aliyefanya kazi yangu ni muuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima. Alimtuma yule bwana dukani kununua maji ya kunywa, akafunga pazia, akakaa kitandani, akamwuliza Neema kwa maneno matatu tu: "Mwanangu, nani amekupiga?" Haikuwa muhali hata kidogo. Ilichukua muda wa kuchemsha chai.

Neema alipewa fomu ya polisi, PF3, akaenda kukaa kwa kaka yake. Ningependa kuwaambia kwamba haki ilitendeka, lakini sitawadanganya. Wazee wa pande mbili walikaa, wakasema yaishe nyumbani. Mashahidi waliona muhali kwenda kusema mbele ya mkwe wao, na kesi ikafa. Neema sasa ni fundi cherehani katika mji mwingine. Tulipokutana mara ya mwisho alinishonea gauni. Nilimwomba msamaha, naye alinisamehe kabla sijamaliza kusema.

HATUKO WACHACHE

Nisingeandika haya kama Neema angekuwa mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu maishani mwake, na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mume au mwenzi wake. Hapa Tanzania, uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Jumapili tukiketi katika benchi la watu watano, tujue kwamba si mbali.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Imekuwapo tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kule Unguja na Pemba, ambako udhalilishaji wa wanawake na watoto umepigiwa kelele nyingi, mwaka 2021 zilianzishwa mahakama maalumu za kesi hizo. Na huko utawasikia watu wa serikali, masheikh, wachungaji na wanaharakati wakiwaomba wananchi kwa sentensi fupi: tuache muhali. Wamegundua kwamba kesi nyingi huvunjikia nyumbani kabla ya kufika kwa hakimu, kwa sababu mtuhumiwa ni mjomba, ni jirani, ni mwalimu wa mtoto, na kila mtu anaona muhali.

SI KILA MUHALI NI MBAYA

Naomba nisieleweke vibaya. Muhali ni tunda la heshima, na heshima ni mali yetu. Mgeni akikupikia chakula kikawa na chumvi nyingi, ona muhali, ule, umshukuru. Mama mkwe akirudia habari aliyokwisha kuisimulia jana, ona muhali, sikiliza. Bila muhali wa namna hiyo nyumba zingekuwa kama soko.

Kipimo changu ni hiki: nikinyamaza, nani anaumia? Ikiwa ni ulimi wangu tu unaoumia, muhali huo ni adabu. Ikiwa ni mwili wa mtu mwingine, muhali huo si adabu tena.

TUFANYE NINI?

1. Uliza mtu akiwa peke yake. Usimwulize mbele ya mume, mama mkwe au watoto. Mwite akusaidie kuchagua mchele au kuchota maji. Kisha uliza kwa maneno machache, "Nimeona alama hii. Kuna mtu amekuumiza?"

2. Akisema, mwamini. Usimwulize alikosea nini hata akapigwa. Usimwahidi usichoweza. Maneno "Nimekusikia, na si kosa lako" yanatosha kwa siku ya kwanza.

3. Akikana, usimlazimishe. Mwambie mlango wako uko wazi. Wengi husema mara ya pili au ya tatu, ikiwa yupo wa kuambiwa.

4. Akiwa ameumia, aende hospitali, na aliyepigwa apate PF3 kituo cha polisi. Lakini anayetokwa na damu nyingi, aliyezimia au mjamzito aliyepigwa tumboni, mkimbizeni hospitali kwanza. Fomu itafuata.

5. Aliyeingiliwa kwa nguvu, mtoto au mtu mzima, afikishwe hospitali upesi iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Zipo dawa za kumkinga asipate virusi vya UKIMWI, na hazisaidii akichelewa zaidi ya hapo. Asioge kwanza wala asifue nguo alizovaa. Azichukue katika mfuko wa karatasi.

6. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako huzungumza faraghani. Kwa habari za mtoto, piga simu namba 116, bila malipo, Tanzania Bara, Zanzibar na hata Kenya. Wasomaji wetu wa Kenya wanayo pia namba 1195 kwa ajili ya ukatili wa kijinsia.

7. Wazee wa kanisa wakiitwa kusuluhisha, wamwulize kwanza mwanamke, peke yake, kama yuko salama kurudi nyumbani usiku ule. Maombi na ushauri ni vema, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya usalama wake.

8. Tuwafundishe watoto wetu, wa kike na wa kiume, kwamba hakuna mtu mkubwa hata asiweze kusemwa kwa mama. Si mjomba, si mwalimu, si mtumishi wa Mungu. Mtoto anayefundishwa kuona muhali kwa kila mkubwa anaachwa bila ulinzi.

Niliposoma makala hii kwa sauti nyumbani kabla ya kuileta, mama mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kupembua choroko. Nilitegemea aniambie nimetoa siri za watu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Siku zetu hatukuwa na pa kusemea, mwanangu. Tulikuwa tukifunga kanga vizuri tu, alama isionekane." Hakuongeza neno, nami kwa mara hii sikuona muhali. Nilisogeza kigoda, nikakaa karibu naye, nikamwuliza.

Aliyonijibu ni yake, sitayaandika hapa. Nawaachia swali lake tu: katika nyumba yako, katika kwaya yako, katika foleni ya kliniki, ni nani aliyekaa akikungoja umwulize?

Bwana awape ujasiri, na tuonane mwezi ujao.